Chumba Kilichopimwa na Mkoko

Ukiingia chumba cha nyumba ya mawe pale Lamu, zile za zamani kabisa, utagundua jambo moja kabla hata hujaweka begi chini. Chumba ni chembamba. Ni kirefu kama behewa la treni, lakini watu wawili wakisimama bega kwa bega na kunyoosha mikono, wanagusa kuta zote mbili. Wageni wengi hudhani ni mtindo tu, kwamba wazee wa zamani walipenda vyumba vya namna hiyo. Sababu iko juu ya kichwa chako. Inua macho uangalie dari.

Dari hiyo imebebwa na boriti, miti ya mkoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mkoko ni mti mgumu ajabu, mchwa hausumbui, na maji ya chumvi ndiyo yaliyoulea. Lakini una kikomo chake. Ukitaka mti ulionyooka, wenye unene wa kubeba sakafu ya ghorofa, utapata mita 2.5, ukibahatika utakaribia 3. Hapo ndipo upana wa chumba unapoishia. Urefu ni wako, ongeza boriti nyingine pembeni na nyingine tena mpaka kiwanja kiishe. Upana si wako. Upana ni wa mti.

Na habari hii haikuishia Lamu. Majahazi yalikuwa yanashuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yamebeba tende na chumvi na mazulia, yanangoja upepo ugeuke, kisha yanarudi na kusi yamesheheni boriti. Kule miti ya kujengea ni adimu. Kwa hiyo nyumba za zamani za Oman, Bahrain na Kuwait nazo zina vyumba vyembamba vya kipimo kile kile. Kuna mtu alizaliwa, akaoa na akafa Muscat ndani ya chumba ambacho upana wake uliamuliwa na kichaka cha mikoko kwenye mkondo fulani huku kwetu. Mimi hilo huwa linanishangaza kuliko lile panga la mfalme pale makumbusho.

Nimeanza na boriti kwa sababu siku hizi kila hoteli ya Pwani inakwambia imejengwa "kwa kufuata mandhari na utamaduni wa wenyeji". Fungua simu yako sasa hivi, utaziona: makuti, ukuta mweupe wa chokaa, mlango wa kuchongwa, kitanda cha kamba, mtungi pembeni. Na neno "endelevu" halikosekani. Sina shida na hoteli nzuri, hata mimi ningepewa usiku mmoja wa bure ningeenda mbio. Ila ukijua nyumba ya Kiswahili ilifanyaje kazi, unaanza kuona ni hoteli gani imejifunza kitu na ni gani imevaa kanzu tu ya kukodi.

Tuanze na kuta. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe. Kuna aina mbili. Moja inachimbwa nchi kavu, ni mwamba wa matumbawe yaliyokufa maelfu ya miaka iliyopita bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilipo leo. Lamu wanaitoa kisiwa cha pili, Manda, ambako mpaka leo kuna kijiji cha wachimbaji kinachoitwa Maweni. Aina ya pili ilikatwa baharini ingali hai. Ikitoka majini ni laini, unaichonga kwa kisu kama sabuni, halafu ikikauka inakuwa ngumu. Hiyo ndiyo iliyotumika kwenye mihrabu, viunzi vya milango na zile zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani. Mawe yalishikanishwa kwa chokaa, ambayo nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo kubwa la magogo, yakazimwa kwa maji na kulowekwa. Ukuta unafika nusu mita kwa unene. Jua la saa saba linapiga nje, na joto linachukua muda mrefu sana kupenya. Likikaribia kufika ndani, usiku umeshaingia na upepo wa bahari unapita.

Halafu kuna mpangilio. Unaingia kupitia daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, pale mwenye nyumba anapozungumza na watu wa nje. Unapita tekani, ambayo imepindwa makusudi ili mtu wa barabarani asikuone. Unatokea kiwandani, ua usio na paa ambao ndio pafu la nyumba yote: hewa moto inapanda na kutokea hapo, mwanga unashukia hapo. Kutoka kiwandani unaingia msana wa kwanza, msana wa pili, na mwisho kabisa ndani. Kila hatua sakafu inapanda kidogo, na kila hatua giza linaongezeka na baridi pia. Bafuni kuna birika la maji lililojengewa, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chandarua kinaogelea, kwa kifupi. Nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, kwa sababu ukiwa Lamu Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hii ni "usanifu endelevu", jibu langu ni ndiyo, na waliojenga hawakuhitaji hilo neno. Walijenga kwa kile kisiwa kilichotoa, kwa kipimo ambacho mti uliwaruhusu.

Lakini hapa ndipo vipeperushi vya hoteli vinapokunja ukurasa. Nyingi ya nyumba hizi tunazozisifia zilijengwa karne ya 18, Lamu ilipokuwa tajiri. Utajiri huo ulitoka kwenye mashamba ya bara, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Nani alibeba mawe kutoka Manda? Nani alikata mikoko akiwa ndani ya tope mpaka kiunoni? Linda Donley-Reid, mwanaakiolojia aliyefanya utafiti wake Lamu, alionyesha kwamba nyumba ya mawe ilikuwa chombo cha mamlaka. Iliamua nani anaishia barazani, nani anafika msana, nani anaingia ndani. Kujenga kwa mawe ilikuwa haki ya waungwana. Watumwa na mafukara walikaa nyumba za udongo na makuti.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Makuti ilikuwa paa la fukara. Leo hayo makuti yanauzwa kwa dola kwa usiku, na mjukuu wa yule aliyelala chini yake analipiwa kibarua cha siku kuyaezeka.

Sisemi hivi kwa kusoma vitabu tu. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imegoma, nilienda mjengo. Kuna hoteli moja huko kusini mwa Mombasa ilikuwa inafanyiwa ukarabati, na mimi nikawa kijana wa kupandisha makuti kwa kundi la mafundi wa Kilifi. Fundi mkuu, mzee wa Kigiriama ambaye sisi sote tulimwita Baba, hakuwa na mchezo. Kuti linakunjwa juu ya kijiti, linashonwa, halafu yanapangwa kwa kubanana toka chini kwenda juu. Paa sharti liwe na mteremko mkali. Ukililaza, maji yanatuama na makuti yanaoza kabla ya miaka yake. Siku moja nikamuuliza mbona nguzo za zege zinavishwa vipande vya boriti vilivyopasuliwa katikati. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni nguo. Mzungu hataki kuona zege."

Ndani ya vyumba ndiko nilikoona kitu ambacho sijakisahau. Vyumba vilikuwa na upana wa mita 5 hivi, labda zaidi, na juu dari nzuri ya boriti, zimepangwa sawasawa, zimepakwa mafuta. Ila zilikuwa zimefungwa kwa misumari chini ya slabu ya zege. Hazikubeba chochote. Kila boriti ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa katikati, kiungo kikafichwa kwa kamba. Mti ule ule ambao kwa mamia ya miaka ulikuwa unaamua mtu alale katika chumba cha namna gani, sasa umepandishwa juu kuwa mapambo.

Kwa hiyo nikupe kipimo cha bure, na unaweza kukitumia hoteli yoyote. Angalia boriti, halafu pima upana wa chumba kwa hatua zako. Zikivuka mita 4 au 5 bila mhimili katikati, basi jua kuna zege au chuma kinachofanya kazi, na mkoko umekuja kupigwa picha.

Mtindo huu wa kuvaa nguo ya mwenyeji ulianza lini? Hoteli za kwanza za wakoloni hazikuwa na haja nao. Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904 na ilitaka kufanana na Uingereza, basi. Treetops, iliyojengwa juu ya mgumo kule Nyeri mwaka 1932, ilitumia mandhari kweli kweli, mti mzima kuwa hoteli. Ila mgumo kwa Wagikuyu ni mti wa ibada, na msitu ule ulikuwa na wenyewe. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma. Ikajengwa nyingine kubwa zaidi mwaka 1957. Baada ya uhuru, utalii ulipopanda, ndipo wasanifu walianza kuchora hoteli zenye sura ya mahali. Pale Amboseli, Serena ilichukua umbo la manyatta. Nyumba ya Kimaasai, kama hukujua, hujengwa na wanawake, kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 1974 Amboseli ikatangazwa mbuga ya taifa na Wamaasai wakaambiwa wahamishe mifugo yao kutoka kwenye yale mabwawa. Umbo la nyumba lilikaribishwa ndani. Aliyelibuni akabaki nje ya mpaka. Hiyo peke yake inahitaji makala yake, siku nyingine.

Pwani nako mambo yalikuwa yanaenda kasi. Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967. Fukwe za Diani, Nyali na Malindi zikajaa hoteli miaka ya 70. Serena ya Shanzu ikachorwa kama mji mdogo wa Waswahili, na vichochoro vyake na vibaraza vyake, kwa kuiga Lamu. Lamu yenyewe wakati huo ilikuwa imechoka. Utumwa ulipigwa marufuku Pwani mwaka 1907 na mashamba yakafa. Reli ilikuwa tayari imeipa Mombasa biashara yote, na nyumba nyingi za mawe zilikuwa zinabomoka zenyewe taratibu. Mwaka 1975 Usam Ghaidan alitoa kitabu kuhusu mji huo, michoro ya nyumba, mitaa, kila kitu. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakaandika mpango wa kuuhifadhi kwa niaba ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2001 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Baada ya hapo, unajua inavyokwenda. Nyumba ambayo ukoo mzima ulikuwa unagawana, warithi kumi na wawili, wengine Mombasa, wengine Jeddah, inauzwa. Mnunuzi anatoka Ulaya. Na kusema kweli, wengi wao walikarabati vizuri kuliko ambavyo ukoo ungeweza. Niliwahi kulala katika nyumba mojawapo, rafiki alikuwa mlinzi hapo na mwenyewe hayupo, na ilikuwa safi, zidaka zote zimerudishwa. Huwezi kusema nyumba haikuokolewa. Ila zidaka zilizokuwa mahali pa ndani kabisa, pa wanawake wa nyumba, pa uzazi na pa maiti kuoshwa, sasa zina mishumaa yenye harufu ya vanila na mgeni anapiga selfie mbele yake. Mimi sioni kama ni dhambi. Naona tu kwamba kulipaswa kuwe na mtu wa kumwambia amesimama wapi.

Kuna watu watakwambia suluhisho ni turudi kwa ujenzi wa asili moja kwa moja. Taratibu. Matumbawe hai tuliyokuwa tunayakata kuchongea mihrabu ndiyo yaleyale ambayo samaki wanazalia. Malindi na Watamu zikawa hifadhi za bahari mwaka 1968, na leo huwezi kwenda kukata jiwe hai na msumeno wako. Tanuri la chokaa linakula kuni kwa fujo. Na mikoko ina historia yake ya kuchoka: serikali ilipiga marufuku kuiuza nje ya nchi mwaka 1982, yale majahazi ya boriti yakawa mwisho wao. Februari 2018 ukataji miti uliposimamishwa nchi nzima, mikoko nayo ikaingia humo. Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na kuna vijiji ambavyo kukata mikoko ndiyo ada ya shule, ndiyo unga. Wakataji walikaa bila kazi. Baadaye marufuku ikalegezwa, ila tayari watu walikuwa wameuza madau.

Hao wakataji, wakati mwingine natamani wangepewa dakika tano kwenye hayo makongamano ya usanifu. Wanajua kila mti kwa unene wake. Kuna fito, kuna pau, kuna boriti, kuna nguzo, na kila moja ina kazi yake na bei yake kwa korija, miti 20. Wanajua ukikata boriti zote za mkondo mmoja unabakiza fito tu na miti mizee iliyopinda. Mfumo ulikuwa unawezekana kwa sababu mji ulikuwa mdogo na ghorofa zilikuwa chache. Hoteli moja inayotaka uzio mzima wa boriti, pamoja na zile za dari zisizobeba kitu, inaweza kula kilichokuwa kinatosha mtaa.

Na zege nayo ina kichekesho chake. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, na malighafi yake ni nini? Matumbawe yale yale ya kale, mwamba wa nchi kavu, yanasagwa na kuchomwa. Yaani hoteli ya zege ya Pwani, ukiivua nguo, bado ni ya matumbawe. Tofauti ni moto na kiasi. Machimbo yalipoachwa wazi, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye lile jangwa jeupe, na leo ni bustani watu wanakwenda kuona twiga. Mvinje huo huo sasa unatumika Pwani kwenye ujenzi mahali pa mkoko: unakua haraka, unanyooka, unapandwa shambani. Ukiniuliza boriti ya kesho itatoka wapi, mimi ningetazama huko kabla ya kutazama mkondoni.

Lakini kinachonikosesha usingizi si miti, ni maji. Lamu haina mto. Maji matamu ya kisiwa yanakaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unaichuja na kuihifadhi, na maji hayo matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Visima vya mji vinategemea hilo. Vilima hivyo viko chini ya ulinzi wa sheria, na hata hivyo kuta za nyumba za kifahari zimekuwa zikivipanda mwaka baada ya mwaka, kwa sababu huko juu ndiko kuna upepo na ndiko picha inatoka vizuri. Ukijenga juu ya mchanga unauziba. Ukichimba kisima kirefu ujaze bwawa la kuogelea, chumvi inapanda. Sasa niambie, nyumba hiyo imeezekwa makuti, ina mlango wa kuchongwa na fundi wa Lamu mwenyewe, ina mitungi ya sola, haina hata mfuko mmoja wa plastiki jikoni. Ni endelevu? Lile birika lenye samaki lilijengwa na watu waliohesabu maji kwa kata. Ni kitu cha kwanza cha nyumba ya Kiswahili ambacho hoteli imekiacha nje ya mchoro.

Niliporudi Lamu mwaka jana nilimkuta fundi chokaa akikwangua saruji kwenye ukuta wa nyumba moja inayogeuzwa kuwa hoteli ya vyumba sita. Mwenye nyumba wa awali alikuwa amepaka lipu ya saruji juu ya matumbawe. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi vilinasa ndani, jiwe likaanza kumeguka kama mkate mkavu, na lipu ikawa inabanduka kwa mabamba. Dawa ni kuitoa yote na kurudisha chokaa, ambayo inaacha ukuta utoe jasho lake. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema kupaka si kazi, kazi ni kusubiri, chokaa hulowekwa majuma kadhaa kabla ya kuguswa, na kila koti sharti likauke lenyewe kabla ya jingine. Nyuma yake kulikuwa na pipa tatu zilizofunikwa magunia. Mwenye hoteli alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kutoka Nairobi. Anataka kufungua kabla ya Desemba.